Kabla Hujapanda Boda Kwenda kwa Fundi, Jipe Dakika 10

Simu imegoma kuchaji.

Ni saa moja asubuhi. Uko Kawempe, uko Ntinda, uko Kireka, popote ulipoamkia. Unachomeka chaja, skrini kimya. Unachomoa, unachomeka tena, kimya. Unaipiga kofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kisha unafanya kile unachofanya siku zote: unaita boda, unashuka mjini, unamkabidhi mtu usiyemjua hata jina simu yenye pesa zako, picha zako na siri zako zote. Unamwambia maneno mawili tu.

"Imekufa, ssebo."

Nani kakwambia imekufa?

Ulijaribu waya mwingine? Ulimulika tundu la chaji ukaona kilichomo? Hukujaribu, hukumulika. Umeketi matanga na mgonjwa bado anapumua.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wewe unapoanzia.

Maana wewe si mjinga, na mimi nakataa kunyamaza ukijifanya mjinga. Wewe ndiye unayezigawa uniti za umeme za Yaka zikakufikisha mwisho wa mwezi. Wewe ndiye unayepita Kikuubo saa sita mchana, na mzigo begani, bila kupotea wala kuibiwa. Kichwa hicho hicho, eti hakiwezi kujua kwa nini simu haichaji?

Kinaweza. Hujakipa nafasi.

Basi leo tukipe.

Zima simu. Keti dirishani penye mwanga, azima tochi ya jirani, mulika lile tundu. Unaona kitu cha kijivu kimekaa mwisho kabisa, kimeshindiliwa kama pamba ya mto? Hizo ni nyuzi za mfuko wa suruali yako, zimechanganyika na vumbi jekundu la Kampala. Kila ulipochomeka chaja ulizisukuma ndani zaidi, siku baada ya siku, mpaka waya haufiki tena mahali pake. Chukua kijiti cha meno cha mbao. Usichukue sindano, usichukue pini. Chuma hukwaruza vijino vya shaba vilivyomo ndani na huweza kupiga shoti. Kwangua taratibu ukifuata ukuta wa tundu, vuta nje. Kitatoka kidonge cha vumbi, pengine kikubwa kama punje ya mchele. Rudia. Sasa chomeka chaja, usikilize ikiingia mpaka mwisho.

Bado? Badili waya, usibadili kitu kingine. Bado? Rudisha waya wa kwanza, badili kichwa cha chaja. Bado? Hamia soketi nyingine. Kifaa cha kwanza kitakachofanya simu iamke ndicho kitakachokuonyesha mwenye kosa.

Umetumia muda gani? Dakika 10?

Ndizo ninazokudai. Kabla ya boda, kabla ya fundi, kabla ya kukopa ununue simu mpya: dakika 10 za kushika, kutazama na kuuliza.

Najua unachofikiri. Unafikiri mimi nilizaliwa nikijua. La! Mimi nilifundishwa na hofu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Wandegeya na flashi ya GB 8 kuchapisha barua za kuomba kazi. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya kibanda kimoja, nikachapisha kurasa zangu, nikaondoka. Nilipoifungua nyumbani, folda zangu hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na njia za mkato tupu, kila moja na kimshale chake pembeni, na nikibofya hakifunguki kitu. Magoti yaliniisha nguvu. Mle ndani mlikuwa na kazi zangu za miaka minne, na picha za mwisho za marehemu baba yangu.

Nikaipeleka kwa fundi. Aliitazama nusu dakika.

"Virusi vimekula kila kitu. Kurudisha ni shilingi 80,000."

Sikuwa nazo. Na namshukuru Mungu kwamba sikuwa nazo, maana usiku ule, kwa kukosa la kufanya, nilifungua dirisha linaloonyesha nafasi ya flashi. Kompyuta ikaandika wazi: GB 3 zimetumika.

Nikaganda.

Kama virusi vimekula kila kitu, hizo GB 3 ni za nini?

Swali moja. Sikuwa na cheti, sikuwa na pesa, nilikuwa na swali moja tu. Nikalitafutia jibu, nikalipata: virusi vya aina ile huwa havifuti kitu. Huzificha folda zako halisi, kisha huweka njia za mkato bandia ili ukizibofya uvisambaze kwa mikono yako mwenyewe. Na ipo amri ya kuvua kile kifuniko. Unafungua dirisha jeusi la amri la Windows, unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hiyo E ni herufi ya flashi, yako yaweza kuwa F au G), unabonyeza Enter. Folda zikajitokeza. Baba yangu akanitazama tena kutoka kwenye skrini, na kofia yake ya Idi. Ndipo nikafuta zile njia za mkato na kuisafisha flashi kwa programu ya kuua virusi.

Mafaili hayakupotea. Yalikuwa yamefichwa.

Shika sentensi hiyo. Nitakudai.

Sasa leta visingizio vyako, tuvimalize kimoja kimoja.

"Sikusomea kompyuta."

Na mobile money ulisomea wapi? MTN walipoileta Uganda mwaka 2009, hapakuwa na mwenye cheti chake. Muuza nyanya wa soko la Owino hakungoja semina. Alibonyeza, akakosea, akauliza, akabonyeza tena, mpaka leo anatuma ada ya mtoto huku anahesabu chenji ya mteja. Ulijifunza kwa sababu ulitaka. Nenda Katwe ukawatazame wanaochomelea majiko na mageti. Wangapi walianzia darasani? Wengi walianza kwa kusimama karibu na anayejua, wakashika chuma, wakaungua kidole, wakashika tena. Panda Makerere uulize habari za Kiira EV, gari la umeme la watu wawili ambalo wanafunzi na walimu wao walilitoa barabarani mwaka 2011. Mji unaotengeneza gari, wewe unashindwa na tundu la chaji?

"Kiingereza chake kinanishinda."

Nani kakulazimisha Kiingereza? Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini simu nyingi za Android zilikuwa zimekwisha kukibeba tumboni. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya lugha, chagua Kiswahili. Ghafla simu inasema nawe. Nafasi ya hifadhi. Betri. Sauti. Faragha. Miaka yote hiyo ulikuwa unakaa na mgeni, kumbe ni ndugu yako.

"Nitaiharibu."

Kusoma hakuharibu simu. Kutazama hakuharibu. Kuzima na kuwasha hakuharibu, na usikudharau. Simu inapofanya kazi wiki nzima bila kupumzika, programu huacha vipande kwenye kumbukumbu ya muda, zinagongana, zinakwama. Ukiizima, kumbukumbu hiyo hufutika yote, na kila programu huanza upya na meza safi.

"Sina muda."

Huna dakika 10, lakini una saa nzima ya foleni ya Jinja Road kwenda kwa fundi na saa nyingine ya kurudi?

Kisingizio kingine? Hakuna. Tufanye kazi.

Kazi yenyewe ina mambo matatu. Soma. Badili kimoja. Andika.

Soma! Skrini ikileta ujumbe wewe unakimbilia kuufunga kama unafukuza nzi. Acha. Kifaa kimekwambia kinaumwa wapi na wewe umekiziba mdomo. "Nafasi ya hifadhi imejaa." Nini kimeijaza? Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, fungua sehemu ya hifadhi, utaonyeshwa faili kubwa kuliko zote zikiwa juu. Ni nini zile? Video ya harusi ya watu usiowajua. Mahubiri yale yale uliyotumiwa na makundi manne. Umebeba takataka za mji mzima mfukoni, halafu unalalamika simu ni nzito! Futa. Kisha zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa inatozwa ushuru wa asilimia 12. Kwa nini ulipie ushuru wa video ambayo hukuiomba?

Badili kimoja! Ukibadili vitu vitano kwa pamoja na simu ikapona, umejifunza nini? Hujajifunza kitu. Matangazo yanaruka kwenye skrini hata ukiwa hujafungua programu? Bonyeza kitufe cha kuzima, kisha neno la kuzima likitokea kwenye skrini, likandamize kwa muda. Simu nyingi za Android zitakuuliza kama unataka hali salama. Kubali. Simu itawaka na programu ilizozaliwa nazo tu. Matangazo yamekoma? Basi mwizi ni mmoja wa wageni uliowakaribisha mwenyewe, na mara nyingi ni yule uliyemkaribisha karibuni: ile tochi, ule mchezo, ile programu iliyoahidi kuongeza kasi. Washa simu kama kawaida, mwondoe wa mwisho kuingia, ngoja uone. Bado? Mwondoe aliyemtangulia. Huo ndio upelelezi, na wewe ndiye mpelelezi.

Kompyuta ya nyumbani inatambaa kama kobe? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila programu inakula kiasi gani cha nguvu na kumbukumbu. Tazama ile inayokula kuliko zote. Kisha tafuta orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta, uzime usizozihitaji asubuhi. Na kama kompyuta inakunywa intaneti ya simu yako na bando la wiki linaisha kwa usiku mmoja, fungua mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, chagua mtandao ule wa simu, uwashe alama inayoiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Itaahirisha sehemu kubwa ya mizigo yake. Kitufe kimoja! Umechoma mabando mangapi kwa kutokukijua?

Umeme ukikatika, na unajua hukatika, usikae gizani unalaani. Nyanyuka uchomoe kompyuta na televisheni. Umeme ukirudi, wape majirani dakika 5 wawashe vyao, msukosuko utulie, ndipo uchomeke. Hilo halina gharama hata ya shilingi moja, na linaokoa mashine ya shilingi milioni.

Andika! Tarehe 9 Septemba 1947, pale Harvard, Marekani, waliokuwa wakiiendesha kompyuta ya Mark II walimkuta nondo, yule mdudu anayezunguka taa yako usiku, amenasa ndani ya relei. Hawakumtupa. Walimbandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba wamempata. Mabingwa wa dunia ile walikuwa na daftari. Wewe una nini? Nunua daftari dogo, la shule linatosha. Andika tatizo, andika ulichojaribu, andika kilichofaulu. Siku tatizo likirudi, na litarudi, hutaanza na hofu. Utafungua ukurasa.

Na ukurasa wa kwanza uandike leo. Piga *#06# kwenye simu yako. Itakuletea IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo ni kitambulisho cha simu hiyo. Inakili. Siku mkono wa mtu ukiingia mfukoni mwako kwenye Old Taxi Park jua likizama, polisi na kampuni ya simu watakuuliza namba hiyo. Unataka uitafute wakati huo?

Nisikufiche: kuna vitu vya kumwachia fundi. Betri ikivimba na kuinua mgongo wa simu, izime, usiichaji, usiitoboe, usiibane irudi; inaweza kushika moto. Simu ikizama majini, izime papo hapo, usiichomeke, na mchele wako upike ule, maana haukaushi kilichoingia ndani na vumbi lake linaweza kuongeza tatizo. Usifungue kile kisanduku cha kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani. Hapo nenda kwa fundi, na umheshimu, maana kazi yake ni ngumu na wengi wana mikono ya dhahabu.

Lakini nenda kama mtu!

Nenda na daftari. Mwambie: "Imeanza jana jioni. Nimebadili waya, nimebadili soketi, tundu nimelisafisha. Inachaji ikiwa imezimwa tu." Mwombe akupe kifaa kibovu alichokitoa. Toa laini yako kabla ya kumwachia simu. Na fundi wa kweli atafurahi, maana umemfanyia nusu ya kazi.

Jambo moja bado, na hapa nakuomba kama ndugu. Picha za mama yako ziko wapi? Kwenye simu tu? Sauti ya mtoto wako akijifunza kusema, iko kwenye simu tu? Simu huanguka chooni. Simu huibwa. Simu hufa kweli siku moja. Nakili leo kwenye kompyuta, nakili nyingine uiweke kwenye flashi, na flashi hiyo ikae nyumba nyingine. Usiseme wikiendi. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya meza ya fundi, na wote walikuwa wamesema wikiendi.

Na mtu akikupigia akitaka PIN yako, au zile tarakimu 6 za WhatsApp zilizoingia kwenye ujumbe, hata akiwa na sauti tamu ya ofisini, hata akikuita kwa majina yako yote matatu, kata. Anayekuharakisha anajua kwamba ukipata dakika 10 za kufikiri, hakupati.

Umeona? Dakika 10 tena.

Sasa rudi kwenye ile sentensi niliyokukabidhi.

Fundi yule alitazama flashi yangu akaona tupu. Mimi pia niliona tupu. Lakini hesabu ya nafasi ilikataa kusema uongo: kulikuwa na GB 3 za maisha yangu mle ndani, zikingoja mtu mmoja aulize swali.

Wewe je? Ni nani alikutazama akasema tupu? Mwalimu aliyekwambia hesabu si zako? Shemeji aliyecheka ulipouliza jinsi ya kufungua barua pepe? Mtoto wako anayekunyang'anya simu akisema "lete nikufanyie," nawe unamwachia kila siku, mpaka umeamini?

Umeamini uongo wa skrini.

Mtu aliyelea watoto katika mji huu hayuko mtupu. Mtu aliyejifunza mobile money akiwa amesimama juani hayuko mtupu. Uwezo wako haukufutwa. Umefunikwa na hofu, na wewe umekuwa ukibofya njia za mkato bandia: "siwezi," "nitaiharibu," "ngoja kijana aje." Kila ukizibofya, hofu inasambaa zaidi, na watoto wako wanaipokea.

Vua kifuniko.

Leo. Usiku huu, kabla hujalala, chukua simu yako. Ifute vumbi. Safisha tundu lake. Weka Kiswahili. Piga *#06# uandike. Futa video 20 ambazo hukuziomba. Nakili picha za mama.

Utakosea mahali. Vizuri! Andika kosa hilo kwenye daftari, na tarehe yake.

Na kesho asubuhi mtoto wako akikunyooshea mkono na kusema "lete nikufanyie," usimpe simu. Vuta kiti, mkalishe karibu nawe, weka daftari katikati yenu, umwambie:

"Keti hapa mwanangu. Tusome kwanza imeandika nini."